Kifua Kilichoacha Kulia Saa Tatu

Kama uliwahi kupeleka betri kwa fundi ukarudishiwa maiti iliyopakwa rangi, pole yako, hukufika kwa Kumi na Mbili. Huyu bwana alifufua betri ambazo mafundi wenzake walishazilaza wakaziombea. Za malori, za pikipiki, za inveta zile zinazoshika taa umeme ukikatika, zote zilipita mikononi mwake, na mikono yenyewe ilikuwa imetobolewa na asidi mpaka kwenye kucha. Jina lake la kwenye cheti walilijua mke wake na karani wa hospitali, basi. Wengine wote walimwita Kumi na Mbili, kwa sababu kila betri iliyopona aliipiga kofi la mgongo kama anamuaga mtoto anayekwenda shule, akasema, "Nenda mwanangu, volti kumi na mbili kamili, usinitie aibu njiani."

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, pazia katikati. Mbele ya pazia betri, nyuma ya pazia cherehani. Kwenye cherehani alikaa mke wake, Mama Pacha, anashona sare za shule na kusikiliza kila uongo unaosemwa mbele. Mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Angeyaweka wapi? Chumba chote kilishajaa ya mumewe. Upande wa pili wa ukuta alikuwa Kinyozi, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo mtu akienda kunyolewa alirudi nyumbani anajua na habari za betri.

Sasa, miaka sita nyuma, Kumi na Mbili alinyanyua betri ya lori kwa mkono mmoja. Hakulazimishwa na mtu. Dereva mwenye lori alijitolea kushika upande wa pili, akaambiwa akae pembeni aangalie wanaume wanavyofanya. Betri ikafika mezani salama salimini. Aliyeanguka ni mbebaji. Akalala sakafuni macho wazi, pumzi hakuna, na Kinyozi akaja mbio na mkasi mkononi, kamwacha mteja na nusu kichwa. Wakamtupa kwenye lori jingine lililokuwa linapita, Kinyozi anamkandamiza kifua njia nzima, na kwa vile hospitali haiko mbali, madaktari wakamuwahi.

Walichomwambia ni hiki: moyo wako, bwana, una tabia ya kupotea njia. Badala ya kupiga, unaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, na moyo ukitetemeka damu haiendi popote, na dakika chache tu zinatosha. Basi wakampasua kidogo chini ya mtulinga wa kushoto, wakampandikizia kimashine cha ukubwa wa kiberiti, kina waya unaoshuka mpaka ndani ya moyo. Kazi yake kukaa kimya na kusikiliza. Moyo ukianza upuuzi, kinaupiga shoti moja, unarudi kwenye mstari.

Kumi na Mbili alikiita Mpangaji. "Anakaa kwangu, halipi kodi, na akikasirika ananipiga mimi mwenye nyumba!" Na kweli Mpangaji aliwahi kumpiga, mwaka wa pili, anakunywa chai mlangoni. Alisema ni kama teke la punda kifuani. Aliisimulia hadithi hiyo mwaka mzima, na kila alivyoisimulia punda alizidi kunenepa. Kitu ambacho hakukisimulia ni kwamba siku ile, baada ya watu kuondoka, alikwenda nyuma ya pazia akakaa juu ya rundo la vitambaa akalia, mikono imekumbatia kifua. Mama Pacha alimwona. Hakumsema, wala hakusahau.

Mpangaji naye anakula betri, si miujiza. Siku anaruhusiwa kutoka, yule binti wa hospitali anayesoma vimashine hivyo kwa kompyuta, wao wanamwita Mpimaji, alimweleza vizuri: betri yake itakaa miaka saba, minane. Ikikaribia kuisha, kimashine kitalia chenyewe kila siku saa tatu asubuhi. Ukisikia tu, njoo.

"Binti yangu," Kumi na Mbili akamwambia, "betri na mimi tumekunywa kikombe kimoja. Itanipigia simu kabla haijakuambia wewe."

Maneno hayo alikuja kuyakumbuka.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, ndani ya karakana kukatoka mlio. Tii-tuu, tii-tuu, tii-tuu, kama king'ora cha gari la wagonjwa la panya. Halafu kimya.

Sasa wewe fikiria. Chumba kina inveta kumi na moja mezani, kila moja inajua kulia betri ikilegea. Angekuwa mwalimu au mpishi, angekurupuka siku hiyo hiyo. Kumi na Mbili alinyoosha kidole. "Ni hii ya duka la dawa," akasema, akaichomoa. Jumanne, saa tatu, tii-tuu. "Aa, kumbe ni ya mwenye stesheni ya mafuta." Akaichomoa na hiyo. Jumatano akachomoa tatu. Alhamisi akachomoa zote, akazisukuma ukutani kama watoto watundu, na bado kitu kikalia.

"Labda panya wamefungua ofisi," Kinyozi alisema kupitia ukutani.

"Labda ni ile mashine yako ya kunyolea inaomba iachwe ife kwa amani."

Wakacheka. Ijumaa walicheka tena, ila kidogo. Mama Pacha alikuwa anasikiliza mlio, hasikilizi utani, na kila siku aliusikia umetoka pembe tofauti ya chumba. Jana mezani, leo mlangoni. Mlio unaotembea. Hakuupenda.

Jumapili karakana imefungwa, wako nyumbani uani, wanakunywa chai. Hakuna inveta wala waya. Saa tatu ikafika. Tii-tuu, tii-tuu, tii-tuu.

Mama Pacha akaweka chupa ya chai chini. Akazunguka meza, akainama, akaweka sikio kwenye kifua cha mumewe kama mtu anayesikiliza majirani ukutani.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye unayelia, Baba Pacha. Wiki nzima."

Jumatatu wakaenda hospitali. Mpimaji akamlaza, akaweka juu ya kovu lake kitu kama kipanya cha kompyuta, akatazama skrini muda mrefu kuliko inavyopendeza.

"Baba, umeanza kuusikia lini?"

"Jana," Kumi na Mbili akajibu.

"Jumatatu iliyopita," Mama Pacha akasema.

Mpimaji hakumgombeza. Alivuta kiti akakaa, na mtu wa hospitali akivuta kiti ujue habari ina miguu mirefu. Kwa kawaida, alisema, mlio ukianza mtu anabakiwa na miezi mitatu hivi ya kubadilishiwa. Lakini waliotengeneza kifaa hiki wameandika barua. Katika toleo lao hili, baadhi ya betri zina kasoro ndani, zinajila zenyewe. Badala ya miezi zinaisha kwa siku.

"Ni chache sana, baba. Nyingi ziko sawa."

"Na yangu iko wapi, kwenye chache au kwenye nyingi?"

"Hilo ndilo tatizo. Kwa kuisoma hivi, zinafanana."

Kifaa kipya kilibidi kiagizwe kutoka bohari kuu. Kitafika, watampasua, Alhamisi ya wiki ijayo, siku kumi toka siku hiyo. Mama Pacha akapewa kadi aende dirishani kugonga muhuri. Akiwa huko, Mpimaji akamwambia mgonjwa neno la mwisho, taratibu, anamtazama machoni: "Usikae peke yako. Na mlio ukikatika kabla ya Alhamisi, usifurahi. Njoo siku hiyo hiyo, hata ukijisikia mzima kama ng'ombe."

"Nimekusikia, binti yangu."

Alimsikia. Alilichukua neno hilo, akalikunja, akalitia mfukoni, na mkewe aliporudi na kadi yake hakuambiwa kitu. Kwa nini? Kwa sababu mtu anayezungukwa na watu wanaocheka naye na kumcheka hana mahali pa kusemea kwamba anaogopa kisu. Ndiyo hivyo. Huyu mnyanyua betri kwa mkono mmoja alikuwa anaogopa kulazwa tena kwenye ile meza ya baridi, na alikuwa ameanza kutafuta mlango wa kutokea.

Akaupata kwenye ufundi wake. Betri iliyochoka, kila fundi anajua, usiikamue. Ichomoe, iweke kivulini, iache ilale siku mbili tatu. Ukirudi unakuta imejivuta kidogo, volti zimepanda zenyewe. Basi akaamua kumpumzisha Mpangaji. Asipousumbua moyo, moyo hautamsumbua Mpangaji, na Mpangaji atajirudi.

Toka Jumanne mpaka Jumamosi alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya karakana kama bibi harusi. Hakunyanyua hata spana. Alitembea kwa hatua za mtu aliyebeba ndoo ya maziwa kichwani. Wateja walipokuja kugombana aliwaambia wakagombane na Kinyozi. Mpira ulipotangazwa redioni aliizima dakika ya kwanza, na hapo ndipo Kinyozi alipoanza kuogopa kweli.

"Jirani, unaumwa?"

"Nachaji."

Kila saa tatu kifua kililia, watu wakageuka kutazama, naye akakipapasa. "Subiri kidogo, mwanangu, subiri."

Jumapili wakakaa tena uani. Saa tatu ikafika. Mama Pacha alikuwa ameshika kikombe hajanywa. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tano.

Kimya.

Kumi na Mbili alisimama taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Halafu akapiga makofi. "Umeona? Umeona, Mama Pacha? Imejirudi! Nimeipumzisha imejirudi! Wao wana kompyuta, mimi nina akili!"

"Nani kasema imejirudi?"

"Fundi wa betri hapa nyumbani ni nani?"

"Ni wewe."

"Haya. Na Alhamisi hatuendi. Wampasue mwingine, mimi nishapona."

Mama Pacha hakubisha. Aliendelea kutazama kile kifua, shati linapanda na kushuka. Alishalala miaka sita pembeni ya kitu kinachosikiliza, na usiku ule, alivyokuja kusema baadaye, alihisi kama kuna mtu ametoka chumbani bila kuaga.

Jumatatu Kumi na Mbili alirudi kazini kama mwanasiasa aliyeshinda. Saa tatu ilipita kimya, akaitangaza kwa sauti: "Saa tatu na dakika moja, wananchi, na kifua kimetulia!" Akacheza na Kinyozi mlangoni, wakapigana vikumbo. Akanyanyua betri tatu za lori zilizokuwa zinamngoja wiki nzima, moja baada ya nyingine, na ya tatu akaizungusha mezani kwa sifa. Jasho likamtoka, akalifuta akacheka. Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa inakwenda kidogo inasimama, inakwenda kidogo inasimama.

Jumanne asubuhi akaja dereva wa lori, yule yule wa siku ile ya kuanguka, kaegesha lori lake nje, kakumbatia betri kifuani.

"Fundi, hii nakuletea uiwekee mkono wa baraka tu. Ni nzima. Jana imewasha, juzi imewasha. Leo nageuza ufunguo, tik, basi. Nadhani ni waya."

"Wewe ni dereva, kazi yako ni kupiga honi. Kufikiri niachie mimi."

Akaweka mita. Kumi na mbili na nusu.

"Si nilikuambia!" Dereva akaruka. "Nzima!"

Kumi na Mbili akacheka kicheko chake cha kufundishia. Akafungua droo akatoa kipimo cha mzigo, kile chenye meno mawili na waya mnene umejiviringisha katikati, waya unaowaka mwekundu kazi ikianza. Watu wakawa wamesogea, Kinyozi kashika kitana. "Sikilizeni niwaelimishe bure. Mita inaiuliza betri jina lake tu. Hata maiti ina jina. Hiki hapa kinaiambia: nyanyua gunia!"

Akabana meno kwenye vichwa vya betri. Waya haukuwahi hata kuwa mwekundu. Sindano ilianguka kama mtu aliyekatwa miguu: kumi na mbili, tisa, nne, mbili.

"Eh!" Dereva akasema.

"Umeona? Ikilala inajifanya nzima. Haikohoi, hailalamiki, inakutazama tu. Hii ilikufa toka jana, ilikuwa inangoja uitwike kazi ndio ikuambie. Ndio maana mimi betri iliyokaa kimya siiamini hata—"

Akaishia hapo.

Watu wakangoja amalizie. Kipimo bado kilikuwa mkononi. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye saa ya ukutani, na saa ilikuwa tatu na dakika kumi, na hakuna kitu kilicholia chumbani humo.

Betri ya lori unaipima na kipimo cha mzigo. Mpangaji je? Utampima na nini? Mzigo wake ni mmoja tu duniani. Ni siku moyo unapotetemeka. Hapo karakanani hakuna namna nyingine ya kujua kama yumo au hayumo, isipokuwa kufika mlangoni kwa kifo na kugonga, uone kama kuna mtu atakuvuta shati.

Nyuma ya pazia cherehani ikasimama. Pazia likafunguka.

"Endelea," Mama Pacha akasema. "Mbona umenyamaza?"

"Mama Pacha." Sauti ilikuwa ndogo, Kinyozi hakuitambua. "Yule binti alisema mlio ukikatika niende siku hiyo hiyo."

"Alisema lini?"

"Ulikuwa dirishani. Unagonga muhuri."

Mama Pacha akamtazama. Watu waliokuwepo walisema heri angempiga. Akavua tepu ya kupimia shingoni, akaiweka mezani juu ya betri, akajifunga mtandio.

"Twende na lori langu!" Dereva akasema, halafu akatazama meza, akakumbuka betri ya lori lake iko wapi.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Betri nzima zilikuwepo, tatu, zile zile alizozinyanyua jana kwa sifa. Leo Kumi na Mbili alinyoosha mkono kushika mojawapo, na mkewe akampiga mkono ule kama wa mtoto kwenye sufuria.

"Kaa."

"Hawajui kufunga, watageuza—"

"Kaa, Baba Pacha. Na usiongee."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kinyozi na Dereva wakabeba betri moja kwa pamoja, wanagongana magoti, wanaipigiza kwenye mlango. Kinyozi, mtu wa nywele, ameshika spana kama kijiko. Spana ikaanguka chini ya lori. Dereva akaingia uvunguni kuitafuta. Kumi na Mbili aliwaona wanaanza na waya ambao si wa kuanza nao, akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa na kiganja juu ya kovu lake na anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Kila pigo lilikuja. Baada ya kila pigo palikuwa na nafasi ndogo, na maisha yake yote hakuwahi kujua kwamba nafasi ile ni kubwa hivyo.

Lori likawaka.

Mpimaji aliweka kile kipanya chake kifuani. Skrini ikafikiri, ikabaki tupu. Akakisogeza kidogo kulia, kidogo juu. Tupu.

"Labda mashine yako imechoka," Kumi na Mbili akasema.

Mpimaji akaenda nacho kwa mzee mmoja aliyekuwa anangoja kwenye benchi, mwenye kifaa kama chake. Akamwekea juu ya shati. Skrini ikajaa namba hapo hapo. Akarudi, akakiweka tena kwa Kumi na Mbili.

"Haijibu," akasema. "Baba, mlio wa mwisho ulikuwa lini?"

Safari hii hakudanganya. "Jumamosi."

"Leo Jumanne."

"Ndiyo."

"Na Jumatatu ulifanya nini?"

Mama Pacha akajibu badala yake, kitu kimoja kimoja, kama anasoma orodha ya vifungo: alicheza, alipigana vikumbo, alinyanyua betri tatu. Mpimaji akaandika, na kalamu yake haikuwa inaandika haraka.

Hawakumruhusu hata kutembea. Walimsukuma kwa kiti mpaka chumba cha vitanda vinne, wakambandika vibandiko viwili vikubwa vya kunata, kimoja kifuani kimoja ubavuni, waya zake zikaenda kwenye mashine ya kushtulia moyo iliyosimama pembeni ya kitanda, kubwa kama redio ya zamani. Kifaa kipya bado kilikuwa njiani. Mpaka kifike, mlinzi wake ni hiyo.

"Betri ya hii mmeipima?" akamuuliza muuguzi.

"Kila asubuhi, baba."

"Na mzigo?"

Muuguzi alidhani ni utani, maana alikuwa amesikia kwamba huyu mgonjwa ni mcheshi. "Inajipiga shoti yenyewe ndani kwa ndani, inatoa karatasi. Lala."

Hakulala. Alilala chali anasikiliza, na mtu ukimlazimisha kuusikiliza moyo wake mwenyewe anasikia mambo. Alisikia ukisita, ukikimbia hatua mbili, ukirudi. Alitaka kumwambia mkewe samahani, lakini neno lile hakulizoea na kila alipolifikisha mdomoni liligeuka kuwa kichekesho, akalimeza. Mama Pacha alikaa kwenye kiti cha mbao, amemshika kidole kimoja cha mguu kupitia shuka. Alishika kidole hicho mpaka kukakucha.

Jumatano, wauguzi wanabadilishana zamu, Mama Pacha anamimina chai. Ilianza kama mtu anayeshuka ngazi akakosa ngazi moja. Akasubiri mguu ufike chini, haufiki. Akataka kusema "Mama Pacha," akaona sauti imekwenda mbali, dari imekwenda mbali, na mwisho akaona uso wa mkewe unageuka, kikombe bado mkononi. Kitu cha mwisho alichosikia ni mashine ile ya pembeni kupandisha sauti, inapanda, inapanda, kama mbu anayekua mkubwa, na mtu anapiga kelele: "Mama, achia kitanda! Usimguse!"

Alipofungua macho Mama Pacha alikuwa ameegemea ukuta, chai yote imemwagikia nguo yake na hajaifuta. Mpimaji alikuwa amesimama mlangoni, anahema, amekuja mbio.

"Amerudi?" Mama Pacha akauliza.

"Amerudi."

"Ingekuwa jana, pale kwenye lori?"

Mpimaji akashika mlango. "Mama," akasema, akachukua taulo akaanza kumfuta chai nguoni.

Kifaa kipya kiliingia Alhamisi asubuhi, na kabla ya mchana kilikuwa chini ya ngozi yake. Alilala kwenye meza ile ile ya baridi na hakusema hata neno moja, mpaka daktari akamuuliza kama yuko macho.

Jioni Mpimaji alipita wodini na mfuko mdogo wa plastiki wenye lebo. Ndani alikuwemo Mpangaji wa zamani. Anarudishwa kwa waliomtengeneza, alisema, wampasue waone kilichotokea.

"Nipe nimtazame," Kumi na Mbili akasema.

"Usifungue mfuko, baba."

"Sifungui."

Akamgeuza taratibu chini ya taa, jinsi anavyogeuza betri ya mteja. Alitafuta palipovimba. Hapakuvimba. Alitafuta kutu, ufa, alama ya kuvuja, rangi iliyoungua. Akapitisha kidole gumba pembeni kote juu ya plastiki. Akaupima uzito kiganjani. Akauweka mfuko sikioni. Kilikuwa kinang'aa kama kijiko cha wageni.

"Na hiki kipya ni cha wale wale?"

"Wale wale. Toleo jingine."

"Ukikitazama kiko kama hiki?"

"Kiko hivyo hivyo, baba."

"Kikianza kujila, kitasema?"

"Kitalia, baba. Na mimi nitakisoma kila baada ya miezi mitatu." Akaupokea mfuko wake. "Ninachoweza ni hicho."

Alipoondoka Mama Pacha akasogeza kiti karibu. "Wewe fundi," akasema, "umeona nini?"

"Sijaona kitu."

Akangoja, maana kwa mume wake baada ya maneno kama hayo lazima utani ufuate. Akangoja mpaka chai ikapoa.